Msomaji Wetu wa Uswidi

Nyeri, 12 Januari 1996

Ndugu Ireri,

Natumaini mko salama huko Mwea na mpunga umesimama vizuri. Sisi huku tuko, ila asubuhi vidole vinakataa kuandika kwa baridi mpaka saa nne.

Daftari letu la kuzungushiana kwa posta lilinifikia Jumanne kutoka kwa Gatobu wa Naro Moru. Amesoma hadithi zote na kuandika maoni yake kwa kalamu nyekundu, na kama kawaida hakumhurumia mtu. Hili ni daftari la kumi na nne tangu tulipojuana gazetini, kwenye ukurasa wa marafiki wa kalamu. Tuko watu kumi tunaopenda hadithi za nyota, za mizimu na za mashine zinazofikiri, na kazi yetu yote husomwa na watu kumi. Nimelifikiria hilo sana siku hizi.

Sasa nakuandikia jambo la siri. Ofisi yetu ya mradi wa maji imeletewa kompyuta inayozungumza na kompyuta nyingine kupitia waya wa simu. Kila Ijumaa saa tano mimi ndiye ninayetuma Nairobi takwimu za mvua kutoka vituo vyetu thelathini na viwili. Kazi yenyewe ni ya dakika sita. Mtaalamu aliyetufundisha aliacha jarida lake mezani, na humo nimesoma habari za mtu wa Finland anayehifadhi kwenye mtambo wake majarida ya hadithi kama zetu. Unamtumia kwa waya, anayaweka mtandaoni, na yeyote duniani mwenye kompyuta anasoma. Hadai chochote. Anwani yake nimeinakili na kuificha ndani ya kitabu cha nyimbo.

Nafikiri tunaweza kuanzisha jarida letu. Nimelipa jina Ukungu. Ningezitafsiri hadithi kwa Kiingereza na kuzipiga chapa saa ya chakula cha mchana, kisha nizitume pamoja na mvua. Lakini ujue kwamba Bwana Mutahi, mkubwa wangu, alimfukuza Moffat, karani aliyenitangulia, siku ile ile alipomsikia akizungumza na dada yake wa ng'ambo kwa simu ya ofisi. Kwa hiyo usimwambie mtu isipokuwa Gatobu. Ukiona wazo hili halifai, choma barua hii, tuendelee na daftari.

Wako,
Monicah Wakiuru


Mwea, 3 Februari 1996

Dada Monicah,

Sikuichoma. Nimeisoma kazini kinuni mara mbili, nikakosea kupima magunia matatu, na mzee mmoja akaniuliza kama nimeletewa habari za msiba.

Mama naye anataka kujua huyu Monicah anayeandika kila mwezi ataletwa nyumbani lini. Nimemwambia wewe ni ofisi. Amesema hata ofisi huletwa.

Nakutumia hadithi yangu mpya, "Mfereji wa Nne". Ni ya msichana anayelinda lango la maji mashambani. Kila maji yakifunguliwa, anaona ndani yake nyuso za watu jinsi zitakavyokuwa kesho: nani atakuwa amelia, nani amepigwa, na nani hayupo kabisa. Mwishoni nimeeleza kwamba zamani chini ya mfereji palizikwa mganga. Gatobu ameisoma na kusema ni nzuri kiasi cha kumfanya aone wivu, kisha akakataa kusema zaidi.

Kuna jambo moja nataka kujua. Huyo mtu atakayesoma huko mbali atajuaje kwamba tupo? Daftari likirudi huwa naona alama za vidole vya watu, mahali fulani chai, mahali fulani mafuta ya taa. Huko kwenye waya tutaona nini?

Ndimi,
Ireri


Nyeri, 29 Machi 1996

Ndugu Ireri,

Toleo la kwanza la Ukungu limekwenda. Lina hadithi tano, na yako nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo ndefu.

Uliuliza tutaona nini. Tumeona jibu. Limeandikwa na mtu wa Uswidi aitwaye Anders. Nimekutafsiria:

"Bwana Ireri, nakusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako. Natumaini mvua imekuja vizuri na mazao yako salama. Sisi huku tu wazima, ila baridi ni nyingi. Mimi ni fundi wa saa, nina miaka hamsini na minne. Hadithi yako nimeisoma mara mbili. Msichana wa lango nimemwelewa hata nikaogopa kunawa uso. Lakini, uniwie radhi, kwa nini mwishoni unatueleza maji yalipata wapi uwezo huo? Ukimweleza mtu kinachomtisha, hofu inamwisha. Natamani kusoma habari za msichana huyu hata mwaka mzima. Nisalimie wazazi."

Ndivyo alivyoandika. Tafadhali usiinukuu barua hii kwa watu wengi. Bwana Mutahi ana jamaa kila mahali.

Wako,
Monicah


Mwea, 16 Juni 1996

Dada Monicah,

Usinilaumu kwa kukawia. Mwisho wa "Mfereji wa Nne" nimeuandika upya mara nne. Mganga nimemfukua na kumtupa. Anders alisema kweli, na ninashangaa kwamba miaka yote hii sisi kumi hatukuliona kosa hilo mpaka mtu wa saa akalionyesha. Mwisho mpya uko ndani ya bahasha hii. Ukiweza, uweke mahali pa ule wa zamani.

Sasa kuna habari nyingine. Mwezi wa tano walikuja kuchagua vijana wa polisi. Tulikimbia uwanja mzima bila viatu, wakatuangalia meno kama ng'ombe wa mnada, na katika vijana mia mbili na zaidi walichukua tisa. Mimi ni mmoja wao. Natakiwa kuripoti chuoni Kiganjo Jumatatu tarehe 5 Agosti. Baba amewatangazia watu wote wa mfereji wetu. Hajawahi kutembea wima namna hii tangu nizaliwe.

Siendi. Sijamwambia bado. Anders anataka habari za msichana kwa mwaka mzima, yaani sehemu kumi na mbili, moja kila mwezi, na Kiganjo mtu hapewi hata nafasi ya kuandika jina lake. Nimekwisha kuzipanga zote. Kazi ya kinu inatosha kunilisha. Nafasi ya polisi atapewa mwingine, lakini mtu wa Uswidi kunisubiri mimi, hilo halitatokea mara mbili.

Mwambie sehemu ya pili anaipata Agosti.

Ireri


Nyeri, 28 Juni 1996

Ndugu Ireri,

Nakupongeza kwa kuchaguliwa. Tisa katika mia mbili si jambo dogo.

Nimeisoma barua yako kwa makini, na nadhani umemwelewa Anders zaidi ya alivyosema. Kutamani si kuagiza. Watu wa kule husema maneno kama hayo kwa adabu tu. Hata kama angetaka kweli, angeweza kungoja miezi michache mpaka umalize mafunzo. Yeye ni fundi wa saa, bila shaka anajua kungoja.

Pia inawezekana asiandike tena. Watu hubadilisha kazi, huhama, huugua. Nisingependa uamue jambo kubwa kwa ajili ya mtu ambaye hatujawahi kumwona. Nenda Kiganjo, Ireri. Mfereji hautahama.

Wako,
Monicah


Naro Moru, 13 Julai 1996

Monicah wa Nyeri,

Salamu. Ireri alipita hapa wiki iliyopita akiwa na barua yako yenye maneno ya Anders ndani ya plastiki, kama cheti cha shule. Akanipa nisome. Nilisoma, nikamrudishia, nikamwambia ni nzuri. Sasa nakuandikia wewe.

Miaka sita nimebeba mizigo ya wazungu mlimani mpaka kambi ya juu. Wako wazuri, wako wabaya. Mmoja alivua koti lake kwenye theluji akaniachia kabisa. Lakini tangu nianze kazi hii hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mvua imekuja vipi. Mzungu akitaka chai anasema chai, halafu anasema asante, imeisha. Huyu wako anasalimia nyumba nzima, anauliza mazao, anataja umri wake kama anaomba kazi, anaomba radhi kabla ya kukosoa, halafu anatuma salamu kwa wazazi wa mtu asiyemjua. Monicah, huyo Anders amezaliwa kwenu Mukurwe-ini. Nadhani hata kipaimara mlipewa pamoja.

Mimi sina hasira. Tena nikuambie ukweli, ndiye mhusika mzuri kuliko wote waliopita kwenye daftari, na wewe kila mwaka unatuambia huna kipaji cha kutunga, kazi yako ni kunakili. Ningekuwa na kalamu nyekundu hapa ningekuandikia vizuri sana.

Lakini mhusika haruhusiwi kumtoa mtu kazini. Ireri amekwisha kuandika barua ya kukataa nafasi. Ameibeba mfukoni, anangoja tu kumweleza babake. Niko na swali moja: utamwambia wewe ama nimwambie mimi? Nikimwambia mimi nitacheka katikati, na hilo litamuumiza zaidi.

Gatobu


Nyeri, 19 Julai 1996

Ireri,

Nikianza na salamu sitafika. Anders hayupo. Nilimtunga mimi. Jina nililiona limeandikwa kwenye sanduku la pampu lililoko stoo yetu.

Ukungu nao haujawahi kutoka. Hadithi zote tano ziko tayari ndani ya kompyuta, zimetafsiriwa, zimepigwa chapa, zimesahihishwa. Ijumaa ya tarehe 15 Machi nilikuwa nimemaliza mvua na waya ulikuwa bado wazi. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe kimoja. Bwana Mutahi akasogeza kiti chake chumba cha pili. Hakuinuka. Alisogeza kiti tu. Nikafunga kila kitu, na tangu siku hiyo kila Ijumaa nimefunga kila kitu.

Nilitaka kukuandikia kwamba nimeogopa. Niliandika barua hiyo mara mbili. Kisha nikafikiri mtakavyonyamaza nyote mkiisoma, wewe hasa, nikaona ni rahisi zaidi kukuandikia kile ambacho msomaji angesema kama angekuwapo. Nilikuwa nimeishi na msichana wako majuma matano nikimtafsiri. Yale kuhusu mganga niliyaona mimi, lakini nisingethubutu kukuambia kwa jina langu. Hilo la mwaka mzima nalo lilikuwa langu. Sikujua ungelifanya kalenda.

Mama yangu ananitegemea kwa kazi hii, na ni kweli kwamba naogopa sana kuipoteza. Lakini nimekuwa nikiilinda kazi yangu kwa kukupotezea yako, na hilo sikuliona mpaka Gatobu aliponiandikia.

Nenda Kiganjo tarehe 5. Hakuna anayekungoja Uswidi.

Ijumaa ya tarehe 2 Agosti nitatuma Ukungu. Sikuambii ili unisamehe. Nakuambia ili nisiweze kurudi nyuma.

Monicah


Mukurwe-ini, 6 Agosti 1996

Ndugu Gatobu,

Unaona nimebadilisha anwani. Niko kwa mama.

Ijumaa nilituma. Programu ile huikata barua ndefu vipande vipande, na kila kipande huenda peke yake. Hadithi nne zilikwenda zote. Ya Ireri ilikatwa mara tatu. Kipande cha kwanza kilikwenda, cha pili kikawa kinamalizikia, ndipo Bwana Mutahi aliporudi kutoka benki mapema, akasimama nyuma yangu na kuanza kusoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Monicah, hii ni mvua ya wapi?"

Nikamwambia, "Si mvua, bwana. Ni hadithi."

Akauchomoa waya ukutani. Kipande cha pili kilikuwa kimekwisha kwenda, cha tatu hakikwenda. Jana asubuhi nilirudisha funguo. Hakunitukana wala hakuniuliza hadithi zilikuwa za nani. Aliniomba nimwandikie mrithi wangu orodha ya vituo vya mvua, na niliiandika vizuri.

Sasa nachuma kahawa na mama. Ameniuliza kama hadithi zenyewe zilikuwa za kanisa.

Kama yule wa Finland amezipokea, zitakuwa zimewekwa. Mwanzoni mwa kila hadithi nimeandika jina la mwandishi, na hapo hapo kwa wanaotaka kuwaandikia waandishi nimetoa sanduku la posta la mama, si la ofisi. Ireri hajanijibu. Sijui kama barua yangu ilimfikia kwa wakati. Ukisikia lolote, nijulishe.

Monicah


Naro Moru, 20 Oktoba 1996

Monicah,

Mwezi wa nane nilibeba mizigo ya mama mmoja wa Denmark. Tukiwa kambini nikampa ile anwani ya waya uliyoniandikia, nikamwambia akifika kwao atazame kama sisi tupo. Akasema sawa. Nilijua atasahau.

Hakusahau. Jana nimepata bahasha. Kurasa kumi na moja za karatasi nzito, zimechapwa vizuri. Juu imeandikwa UKUNGU kwa herufi kubwa. Jina langu liko ukurasa wa nne. Nimelionyesha kila mtu hapa stendi mpaka mwenye hoteli ameniambia nikae chini ninywe chai bure ama niondoke.

Ya Ireri inaishia katikati ya sentensi, pale kipande cha pili kilipokatika. Yule wa Finland hakujua, ameweka tu kama ilivyo. Mama wa Denmark ameandika kwa penseli pembeni, neno moja tu: "Kwa nini?" Hata mimi sijui anauliza nini, kwa nini imeishia hapo ama kwa nini haiendelei.

Karatasi ziko njiani kwenda Kiganjo. Ndiyo, yuko huko. Nilimwona kwa mbali Jumapili iliyopita, amenyolewa, masikio yamekuwa makubwa. Nilimpungia, akapunga kidogo.

Gatobu


Kiganjo, 3 Novemba 1996

Monicah,

Barua yako ya Julai ilifika tarehe 1 Agosti, mchana. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekwisha kumwambia baba kwamba siendi. Hakunipiga. Alikwenda kukaa ukingoni mwa mfereji na kuwapa kisogo watu wote aliowatangazia. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaichana ile ya kukataa, nikamfuata na kumwambia nimebadili nia. Hakuuliza kwa nini. Mpaka leo anadhani ni kwa sababu yake, nami nimemwachia hivyo.

Nilikukasirikia. Hapa tunaamshwa saa kumi na hatupewi muda wa kukasirika, kwa hiyo hasira yangu imechukua miezi mitatu badala ya wiki moja. Bado ipo kiasi. Sikuandikii kukuambia imekwisha.

Karatasi zimefika. Nilizisoma chooni, maana ndiko pekee penye faragha. Nimeona mahali hadithi ilipokatika: "Mbeti akapiga magoti ukingoni. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na ndani yake aliona". Basi. Chini yake kuna ukurasa mweupe. Mwisho nilioutunga mara nne ndio uliobaki kwenye ile kompyuta. Mwanzoni niliona nimeibiwa. Kisha mwenzangu wa kitanda cha juu, Ndungu, akazisoma na kunifuata mpaka jikoni akitaka nimwambie msichana aliona nini. Amekataa kula mpaka nimwambie. Sijamwambia. Nadhani imekaa vizuri hivyo.

Kosa alilolitaja Anders lilikuwa kosa kweli. Nataka ujue kwamba nalijua hilo, na najua ni nani aliyeliona.

Lakini kuna sharti moja. Kama kuna mtu yeyote atakayeniandikia kupitia sanduku lenu, sitaki unisomee. Usinitafsirie, usinifupishie, usiniondolee ukali. Awe amenisifu au amenitukana, nataka kumsikia mwenyewe.

Ireri


Mukurwe-ini, 9 Desemba 1996

Ireri,

Jumamosi nilikuta posta bahasha iliyoandikiwa wewe. Stempu ni ya nchi ngeni, muhuri umefutika, sikuweza kusoma ni wapi. Jina lako limepigwa chapa na kukosewa herufi moja. Ni nyembamba. Huenda ni ukurasa mmoja, huenda ni nusu.

Imekaa mezani siku mbili kwa sababu posta hufungwa Jumapili. Mama aliiona, akaniuliza kwa nini siifungui, na mimi ndiye msomaji wa nyumba hii. Nikamwambia si yangu. Jana jioni niliinua kuelekea dirishani, mwanga ukawa unaanza kupita kwenye karatasi, nikaishusha.

Huenda ni mtu aliyeipenda. Huenda ni mtu anayetaka tusimtumie tena takataka. Kama ni sifa au ni matusi, wewe ndiye utakayejua kwanza, na usiponiambia sitauliza.

Naiweka ndani ya hii kama ilivyokuja. Sijaifungua.

Monicah